Shati Safi Saiti

Ifakara

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Sisi hatujambo. Bibi yako yuko kijijini Mbingu anavuna mpunga, magoti yamepata nafuu.

Umefanywa msimamizi wa wenzako huko Dodoma, unaniuliza mimi nilitokaje kwenye uashi nikawa mkandarasi. Nitakusimulia siku moja tu.

Ilikuwa nyumba ya kwanza niliyopewa niisimamie mwenyewe, pale Kibaoni. Nilisimama pale saiti na shati safi huku Anthoni, fundi niliyejenga naye tangu ujana, akipandisha ukuta. Jirani akapita, akaniuliza, "Fundi, leo unaumwa?"

Niliona aibu mno. Nikavua shati, nikashika mwiko, nikajenga bila kuinua kichwa. Nilipokuja kugeuka, vibarua wote walikuwa wamekaa. Saruji ilikuwa imekwisha, na mimi ndiye niliyetakiwa kuifuata dukani Mlabani.

Anthoni hakugomba. Alisogea akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, ukuta huu hata mimi naujenga. Saruji ataleta nani?"

Aibu hiyo ilizidi ile ya kwanza. Nilinawa, nikavaa shati, nikaondoka wote wakinitazama.

Kampuni yangu ilianzia hapo, mjukuu wangu, lakini usidhani aibu iliniacha. Hadi leo nikiwapita mafundi wanaotokwa na jasho, huwa sijui mikono yangu niiweke wapi. Naitia mfukoni, kisha naenda kuwatafutia nyumba nyingine ya kujenga.

Wasalimie wenzako.

Babu yako