Bei ya Jinzi na Tumbo Langu

Guangzhou, Novemba 1998

Na leo sikugusa pilipili. Wala maharage, wala maziwa. Wiki ya tatu hii nakula wali mweupe na ndizi za kuchemsha, asubuhi natembea nusu saa, na bado tumbo halitulii.

Nilikuwa kiwandani Xintang, tunapatana bei ya jinzi, tumbo likasokota. Nikainuka bila kuaga, mbio chooni. Bosi wa kiwanda akadhani nimesusa. Akanifuata hadi mlango wa choo, akapunguza bei. Nikanyamaza kwa maumivu, akapunguza tena.

Nilipotoka akanipa mkono. "Wewe mgumu, rafiki."

Jioni nikampigia mke wangu Dar, nikamsimulia. Alicheka sana, kisha akauliza, "Sasa kesho utakula nini, baba Salma?"

Hata wali nimeanza kuuogopa.