Kifaranga Mweupe

"Yule mweupe katoka wapi, na baba na mama wote weusi?"

Mwenzangu, ndivyo jirani alivyoniuliza sasa hivi uani kwangu. Mimi nimeinama bandani na kifaranga wangu mweupe mkononi, nikajua anamsema huyo. Nikajibu kwa sauti, "Labda jogoo wa jirani karuka ua!"

Kugeuka, namwona mke wa mwanawe kasimama na kichanga cheupe mgongoni, machozi yanamlenga. Kumbe alikuwa anamsema mtoto! Mjukuu wake mwenyewe!

Jogoo wa jirani, nimesema mimi! Mungu anisamehe ulimi huu.

Jirani akadakia, akimwambia mkwewe, "Umesikia? Hata mcha Mungu ameliona!"

Nikamwambia, "Mama, nasema kuku! Tena nimekosea, maana jogoo ni mmoja na ua huu hata paka haruki. Weupe hujificha ndani ya weusi, kizazi hata kizazi. Na hautokezi mpaka uwe umetoka kwa mama na kwa baba."

"Kwa baba pia?"

"Kwa baba pia. Naye kaupata kwa wazee wake."

Binti akafuta macho. "Kumbe mama, na kwenu upo!"

Weee! Jirani kajitupia mtandio begani, katoka zake.