Pedali ya Kushoto ya Eduvina

Jumatatu, 6 Juni 2016

Siku ya tatu ya matanga. Baridi ya mji huu wa Duitama imeingia mpaka kwenye blanketi. Watu wa kwetu, tuliofukuzwa na vita pamoja kule Montes de María, vilima vya karibu na pwani, wamekuja na kahawa na domino. Picha ya mke wangu Eduvina iko kati ya mishumaa. Ada yetu ni hii: siku ya tisa madhabahu huvunjwa, vitu vya marehemu hutoka nyumbani, naye hutoka navyo. Kikibaki kitu, naye hubaki.

Mimi mwalimu mstaafu nimesoma vitabu vya kutosha kutoyaamini hayo.

Jumanne, 7 Juni

Yaneris, mjukuu wetu, ameomba baiskeli. Bibi yake alimwahidi. Yaneris anafundisha kijijini kwetu sasa — yeye alirudi, sisi hatukuthubutu. Ni ile nyeusi ambayo Eduvina aliitumia kuuzia maandazi ya muhogo tangu tufike huku.

Casallas, dereva wa lori la viazi, ataipeleka pwani Jumapili. Ila pedali zitolewe kwanza, kasema, zisimtobolee magunia. Ya kulia imetoka mara moja. Ya kushoto, iliyopinda siku Eduvina alipoteleza sokoni, imegoma.

Alhamisi, 9 Juni

Mafuta ya taa. Maji ya moto. Nyundo. Bado.

Mtaa huu umejaa mafundi wa baiskeli, lakini kitu cha marehemu hakivuki mlango kabla ya siku ya tisa, wala hakiguswi na asiye wetu. Na sisi ni watu wa punda, si wa baiskeli. Basi ni mpwa wangu Aristarco na spana yake, akivuta kama anavyofungua nati yoyote. Wazee wakamcheka, eti mikono imezoea kusukuma domino tu. Akawajibu kwamba si yeye, ni shangazi ameishika kutoka huko aliko. Wazee wakarudi kwenye domino zao.

Mimi najua. Hesi ya pedali ya kushoto, ile mikato ya skrubu yake, hukatwa kinyume, isije ikafunguka njiani. Aristarco haifungui, anaikaza. Nilimmiminia kahawa, nikanyamaza.

Usiku nimeligusa tandiko la baiskeli. Bado ipo, basi naye yupo.

Jumamosi, 11 Juni

Aristarco anataka kuleta msumeno, akate pedali pamoja na mkono wa chuma unaoibeba. Yaneris amekataa: baiskeli ya mguu mmoja ataifanyia nini milimani? Kisha akaniuliza mbona mimi ninayejua kila kitu hili silijui. Nikasingizia macho.

Alikaa chini karibu na gurudumu, akawa anafuta matope kwa kitambaa.

“Babu, bibi hakunipa baiskeli tu,” akasema. “Aliniambia nimrudishe nyumbani.”

Miaka yote hii tulilala kitanda kimoja. Mimi hakuniambia. Alijua ningemwambia nini.

Jumapili, 12 Juni

Madhabahu imevunjwa. Mishumaa imezimwa mmoja mmoja, wa mwisho nimeuzima mimi. Lori linanguruma nje. Aristarco alikwisha kuweka msumeno juu ya chuma.

“Acha, mwanangu,” nikamwambia. “Nipe spana. Ya kushoto hufunguka upande wa pili.”

Wakanitazama wote. Aristarco akauliza polepole: “Mwalimu, ulikuwa unajua?”

Nikavuta upande ulio sahihi, kwa nguvu zote zilizonibakia. Haikusogea. Wiki nzima tumeikaza — wao kwa mikono, mimi kwa kunyamaza.

Naandika haya kwenye kona ya jiko. Yaneris alikwenda kumsihi Casallas asubiri kidogo. Amerudi. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Amevua viatu. Atasimama juu ya spana kwa uzito wake wote, anasema, lakini mtu aishike baiskeli isiyumbe.

Aristarco amenyoosha mkono. Yaneris amemkatalia.

“Babu ndiye aishike.”

Ananingoja. Nakwenda kuishika, bibi yake arudi nyumbani —