Kimya Chini ya Boneti

Jumatatu, 3 Machi

Jirani wa nyumba ya pili amenisimamisha getini asubuhi. Kwa heshima zote, mwalimu, eti gari langu linamwamsha mtoto wake mchanga kila siku. Linapiga mluzi kama birika lililosahaulika motoni! Nimemwomba radhi. Nikaingia garini, nikawasha, nikatega sikio. Hakuna kitu. Ngurumo ile ile ya siku zote, nzito, tamu, kama mtu anayeguna usingizini. Watu wanajua kutia chumvi.

Shuleni siku imepita kama ndoto. Watoto wangu wa chekechea mwaka huu wametulia ajabu. Ishirini na wawili, na darasa kama liko chini ya maji — mikono inaelea, midomo inafunguka na kufumbika, jua limelala kwenye mikeka. Miaka kumi na tisa nafundisha, sijawahi kupata watoto wapole hivi. Labda hatimaye nimekuwa mwalimu mzuri!

Jumanne, 4 Machi

Nimepita kwa fundi ili jirani aridhike. Hata sijazima injini, fundi kakunja uso. Akafungua boneti. Mkanda umechoka, akasema — ule mmoja mrefu unaozungusha kila kitu mbele ya injini: altaneta, pampu ya maji, kompresa ya AC. Umepasukapasuka kama kisigino. Na puli mbili, vigurudumu vinavyobeba mkanda, ile ya kukaza mkanda na ile ya kuupitisha, beringi zake zimekufa.

Kisha akaanza kuuliza. Linalia zaidi likiwa baridi, au ukikata kona? Ukiwasha AC linazidi? Mluzi, au mkwaruzo?

Nikasema mluzi. Jirani ndiye aliyesema mluzi.

Akanitazama. Hata sasa hivi linalia, mwalimu. Si unasikia?

Nikajibu ndiyo. Uso umeniwaka moto. Nikasema nina haraka, nitanunua vifaa nifunge mwenyewe nyumbani, kazi ndogo hii. Ndogo! Sijawahi kushika spana tangu nizaliwe. Fundi akacheka, akaniandikia vifaa vyote kwenye kipande cha boksi.

Wakati wa kurudi watu wote barabarani waligeuza shingo nilipopita. Wiki iliyopita pia waligeuka. Nilidhani ni skafu yangu mpya.

Alhamisi, 6 Machi

Sitaki kuandika.

Kijino — yule binti mdogo aliyevunjika jino la mbele — amejifungia stoo ya mikeka. Robo saa nzima amelia humo ndani. Mpishi ndiye aliyemsikia, kutoka jikoni, ng'ambo ya uwanja. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka mlango ule, nakata karatasi za rangi, nawaza jinsi mchana ulivyo mtamu.

Alipotolewa, kola yake ilikuwa imelowa machozi. Hakunijia mimi. Alimkimbilia mpishi.

Mwalimu mkuu ameuliza nilikuwa wapi. Nimesema nilitoka kidogo, darasa nilimwachia dada msaidizi. Maneno yametoka yenyewe, laini kabisa. Dada wa watu alikuwa nje anaosha vikombe, kama nilivyomtuma. Hakujitetea. Au alijitetea — sijui. Aliinama.

Amepewa barua. Jumatatu saa mbili asubuhi anaitwa ofisini.

Jumamosi, 8 Machi

Baba watoto yuko safarini kikazi, watoto wako shule za bweni. Nyumbani tumebaki mimi na wifi yangu, dada yake, anayeishi nasi. Wifi ni fundi cherehani. Mkanda ni mkanda, amesema, maisha yangu yote nauzungusha kwa mguu. Kisha: "Ila wewe wifi yangu mwenye mikono ya chaki, usije ukalichambua gari likabaki mifupa!" Hilo nimelisikia vizuri, maana alikuwa ananitazama usoni. Nikiuona mdomo wa mtu, nasikia. Sijui kwa nini sikuwahi kuliona hilo.

Tumetoa waya wa betri. Wifi akachukua chaki yake ya kushonea, akachora njia ya mkanda kwenye sakafu ya uani: unapita chini ya hii, unaizunguka ile, unarudi kimgongomgongo kwenye hii ndogo. Nikakodolea macho mchoro ule mpaka nikasahau niko wapi. Kama mto uliopotea ukarudi kwao. Wifi akanigusa bega. Alikuwa ameniita, nadhani.

Nikaingiza spana kwenye puli ya kukaza, nikavuta kwa uzito wote nilio nao (si haba!). Ikasogea taratibu, kama mtu mkaidi anayeanza kukubali. Wifi akauchomoa mkanda. Mrefu kuliko mimi! Nikauning'iniza shingoni, mweusi, una vumbi, unanuka mpira wa zamani. Nikawaza asubuhi zote za shule ambazo umezungusha. Siku tulipomleta binti yetu mchanga kutoka hospitali. Safari ya kwenda kumzika mama. Umezunguka palepale miaka yote na bado umefika kila mahali. Nilisimama hivyo muda gani? Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshafika kwenye tairi.

Wifi akazungusha puli moja moja kwa kidole. Sikiliza hii, akasema, inakwaruza. Nikainama. Hakuna kitu. Nikaiwekea vidole — na vidole vikasikia! Kitu kama mchanga uliokwama kwenye meno. Nikaizungusha tena na tena. Mtu husikia baridi, husikia njaa, kwa nini asisikie kwa vidole? Niliona raha isiyo na sababu, nimefumba macho, naisikia puli mbovu.

Boliti ya kwanza ilitoka kwa hiari yake. Ya pili ilinichubua ngozi ya kidole. Tukafunga puli mpya zote mbili. Zinazunguka kama zimepakwa siagi. Tukautandika mkanda mpya kufuata chaki, wifi anaelekeza, mimi nabana spana na meno pamoja. Saa kumi jioni tukarudisha waya wa betri. Nikawasha.

Kimya kabisa! Nikapiga makofi nikiwa nyuma ya usukani. Nimeweza!

Wifi alikuwa ameziba masikio kwa mikono miwili. Mdomo wake ulikuwa unasema: zima, zima, zima.

Nikazima. Alikuja mpaka dirishani. Hakufoka. Aliniuliza polepole, kama anavyosema na wateja wazee: "Wifi. Kweli hukusikia ile?"

Nikasema nimesikia.

Kisha nikasema hapana.

Jumapili, 9 Machi

Kosa tumeligundua asubuhi, dakika mbili tu. Mkanda una mifereji, na kwenye puli ya kompresa ulikaa mfereji mmoja pembeni, ukingo unaning'inia nje kama shati lililofungwa kifungo kisicho chake. Wifi ndiye aliyeona. Tumelegeza, tumeusogeza, tumeupitia kwa kidole puli hadi puli. Nikawasha. Sikujitia kujua. Nikamtazama yeye. Akainua dole gumba.

Tukakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Tangu lini, akauliza. Hapo ndipo penye shida — hakuna siku iliyoanza. Sauti nyembamba ndizo zilizoondoka, moja moja, bila kuaga. Ndege kwanza, nadhani. Kengele ya mlango. Kisha watoto.

Wifi akaniambia jambo lililonikata maini. Tangu mwaka jana alidhani nimemnunia. Ananisalimu akiwa jikoni, mimi nauchuna. Ananiita, najitia hamnazo. Alishapanga kuhama! Alishaongea na kaka yake! Tukacheka mpaka machozi yakatutoka, na mengine hayakuwa ya kucheka.

Nikamkumbuka mama miaka yake ya mwisho. Alivyokuwa akitabasamu na kutikisa kichwa kwa kila neno tulilosema. Tulisema, jamani, uzee umemlainisha mama, siku hizi habishi kabisa. Mama yangu! Alikuwa peke yake katikati yetu.

Wifi anajua hospitali wanakopima masikio. Tutakwenda Alhamisi. Siyo mwisho wa dunia, amesema, kuna vifaa siku hizi. Kisha akauliza lile nililokuwa nalikwepa tangu Alhamisi: na yule dada msaidizi?

Nikamwambia nikisema ukweli wataniondoa darasani. Nani atamwachia mtoto wake mtu asiyemsikia akilia?

Hakunijibu. Alikuwa ananitazama usoni, najua hakujibu.

Jumatatu, 10 Machi

Saa moja na nusu. Naandika garini, nje ya geti la shule. Sijazima injini. Nimeweka kiganja juu ya dashibodi: inatetemeka sawasawa, laini. Asubuhi jirani alinipungia mkono akiwa kibarazani na mtoto begani, amelala.

Dada msaidizi ameshafika. Amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, gauni limepigwa pasi, barua magotini. Anaikunja, anaikunjua. Ana miaka ishirini na moja. Nilimfundisha mimi kukata karatasi za rangi.

Watoto wanaanza kuingia. Wanakimbia, vichwa nyuma, midomo wazi. Lazima ni kelele kubwa. Ninavyowaona mimi wanateleza tu juu ya uwanja, kama mwanga ukutani. Ni wazuri mno hivyo. Ningeweza kukaa hapa siku nzima, Mungu anisamehe.

Mwalimu mkuu ameniona. Anakuja huku, ameshika ufunguo wa ofisi, anasema kitu tangu mbali. Jua liko nyuma yake, mdomo siuoni. Ningeweza kutabasamu kama mama. Ningetikisa kichwa.

Amefika mlangoni. Anasema tena.

Nazima gari. Nashusha kioo nimwambie: sikusikia —