Patron anataka jina la mtu aliyetutoa kazini kwenda msibani

Mama Mshauri, nakusalimia kutoka hapa Kamina, naomba unisikilize mpaka mwisho kwa sababu neno hili nimelibeba peke yangu tangu Ijumaa na Jumatatu asubuhi natakiwa kulijibu.

Mimi ni mjane, watu wananiita Mama Chancelvie, mume wangu Ngoie alikuwa mtu wa reli na alifariki msimu wa mvua uliopita, na mimi nafanya kazi kwenye mashini ya kusaga mahindi, ambako mimi ndiye kapita, msimamizi wa wenzangu. Mahindi yetu yanatoka Kaniama, yanaanikwa chini kando ya barabara, kwa hiyo yanakuja na vijiwe, na sisi wanawake tunayachambua wawili wawili, mmoja anapepeta kwa lungo na mwingine anatoa mawe, Agar na Laetitia, mimi na Jamila, halafu Kitwa anasaga.

Lazima nikuambie Jamila ni nani kwangu. Ngoie alipofariki, yeye ambaye ni Muislamu alikuja kwenye matanga yetu na mbabula, jiko lake la makaa, kichwani, akasema moto wangu ni mdogo kwa wageni wote hawa, akaketi nyuma ya nyumba kusugua vyungu kwa majivu, na hakuniuliza kitu. Siku niliporudi kazini machozi yalikuwa yanadondoka juu ya mahindi, na yeye hakunipa pole, alisogea tu akasema, "Mama Chancelvie, unisaidie kutafuta mawe, macho yangu imechoka." Hayakuchoka, Mama, mpaka leo anaona kijiwe kabla yangu.

Sasa Alhamisi, tukiwa katikati ya kazi, Bilali, kaka yake Jamila, alifika na baiskeli kutuambia kwamba mama yao amefariki alfajiri na atazikwa baada ya sala ya adhuhuri, na Jamila akapanda nyuma akaondoka naye. Nilikwenda kwa Hénoch, mtoto wa mwenye mashini, ambaye ndiye anayetuongoza tangu miguu ya baba yake Papa Émile ilipoharibika, nikamwomba tusimamishe kazi kidogo. Hakunifokea, ni kijana wa adabu. Alisema, "Mama, kazi iko kazi. Mutaenda mangaribi, matanga haiwezi kukimbia." Yeye anajua matanga ya kwetu Wakristo, ambapo maiti analala nyumbani na watu wanakuja siku nyingi, hakufikiri kwamba wenzetu wanazika siku ileile.

"Mangaribi tutasalimia udongo," Agar akamwambia.

Na Kitwa, ambaye hajui kunyamaza, akaongeza, "Basi patron, na siku yako tutakuya kisha kazi."

Tulicheka, hata akina mama waliokuwa wanangoja unga na mabeseni yao walicheka, na nafikiri kicheko kile kilimuuma Hénoch kuliko yote yaliyofuata. Aliingia ofisini akafunga mlango. Halafu, Mama, hakuna aliyesema twende. Kitwa alizima mashini, Agar akavua eproni, Laetitia akajifunga kitambaa vizuri kichwani, mimi nikaweka lungo chini, na tukajikuta barabarani. Tulifika kabla jeneza halijatoka. Kitwa alikwenda makaburini na wanaume, sisi tukabaki ndani na Jamila, kichwa chake kwenye mapaja yangu, mpaka wanaume waliporudi.

Kesho yake Hénoch aliniita peke yangu. Akasema, "Muntu moya njo alianza. Uniandikie jina yake na uombe musamaha, utabakia kapita. Ukikatala, utatoka weye." Nikamwambia hakuna aliyeanza. Akasema yeye anafikiri ni Agar, niandike tu Agar, na akaongeza kwamba hapa ni kazini, si famille, si nyumba ya ndugu. Nikamkumbusha ile Dominika upepo ulipong'oa bati na mvua ikaingia kwenye stoo, tulitoka kanisani mbio, tukabeba magunia yake tukiwa na nguo zetu za ibada, na hakuuliza nani alianza. Akajibu kwamba hiyo ni tofauti. Mimi sioni tofauti.

Shemeji yangu ananiambia niandike tu, karatasi haiumi mtu, nifikirie watoto. Watoto ninawafikiria. Lakini sijutii, Mama, hata leo ningekwenda, na sijui mtu anaombaje msamaha kwa jambo ambalo angelifanya tena. Jina langu ulisome redioni, sijifichi.

Mama Chancelvie

JIBU

Mama Chancelvie, nimelisoma jina lako kama ulivyotaka. Pole kwa Papa Ngoie, na pole kwa Jamila. Msibani mlifanya vizuri kwenda. Hilo tuliweke pembeni, halihitaji ushauri wangu.

Sasa nikugombeze. Wale akina mama wenye mabeseni mliwaacha juani bila neno, na wewe ndiye kapita. Wengine walikuwa na watoto wanaongoja unga wa bukari nyumbani. Ulishindwa kusema, "Mama zangu, tumefiwa, mrudi saa kumi"? Hilo uliombee msamaha, kwao na kwa Hénoch, kwa mdomo wako na mbele ya wenzako. Mazishi usiyaombee msamaha hata kwa nusu neno.

La pili, kwa nini unabeba peke yako jambo la watu wote? Alikuita peke yako kwa sababu mtu mmoja anasukumika. Leo hii nenda kwa Agar umwambie kwamba jina lake limetajwa. Asilisikie kwa mwingine. Na shemeji yako mwambie karatasi inauma, inamuuma yule aliyeandikwa ndani yake.

Hénoch, mtoto wangu, najua redio iko wazi hapo mashinini, basi na wewe sikiliza. Mashini utapata nyingine Lubumbashi. Watu wanaotoka mbio kanisani kuokoa magunia yako hutawapata sokoni. Unga wako unapendwa Kamina kwa sababu hauna mawe, na hauna mawe kwa sababu wawili wanaangalia lungo moja na mmoja akilia mwenzake anaangalia kwa ajili yake. Hicho unachokiita famille kwa dharau ndicho kinacholeta wateja kwako. Ukikivunja ili ujulikane kuwa wewe ni mkubwa, utakuwa mkubwa wa mawe.

Mama, Jumatatu muingie ofisini wote wanne, Jamila mwacheni na msiba wake. Mpelekeeni Hénoch utaratibu: mtu akifiwa, kapita anamjulisha patron mara moja, wawili wanabaki kumaliza unga wa wateja waliokwisha fika, wengine wanakwenda saa hiyohiyo, na waliobaki wanakwenda jioni. Kesho yake mnafungua mapema kufidia. Kuhusu Waislamu, mumweleze bila kumcheka kwamba kwao maiti hangoji, maana naona kweli hakujua. Na Kitwa afunge mdomo kwa nusu saa tu. Hénoch akikataa yote, ombeni kwenda kumwona Papa Émile, wote pamoja, mchana, bila kelele.

Jina usimpe. Usimpe hata la kwako, na najua utajaribiwa kulitoa, kwa sababu wewe ni mpole na unataka yaishe. Mwambie ukweli uleule, hakuna aliyeanza. Akikuvua cheo cha ukapita, mwachie. Yeyote atakayempa cheo hicho, Hénoch atamuuliza swali hilohilo, na atapata jibu hilohilo.