Tambi za Semeni

Swalehe, leo mjinga ni mimi. Usinitetee.

Semeni alikuja. Ndiyo, mke wangu, tangu arudi kwao Ikwiriri kabla ya Ramadhani! Alisema kafuata nguo zake tu, lakini mimi nikawaza, akikaa kula tutazungumza, na pengine atabaki.

Nikampikia tambi, zile alizozoea kula Dar. Na nimezipika kama wali, Swalehe! Maji ya kukadiria yakauke yenyewe, nikafunika, nikapalia makaa juu ya mfuniko.

Kufunua, bonge moja. Bonge! Nimeinamisha sufuria, limetoka zima.

Akaniuliza, "Bwana Kondo, hili tunakula au tunajengea?"

Nikaleta utani wetu: "Ninyi Wamatumbi mliyaamini maji kwenye vita vya Maji Maji, leo yameniangusha mimi jikoni." Zamani angecheka mpaka akae chini. Leo hakucheka.

Akasema tambi zinataka maji mengi yanayochemka, chumvi, na mtu wa kusimama hapo azigeuze, aonje, azichuje kabla hazijalainika sana. "Wewe ulikuwa wapi?"

Nikabisha. Nikamwambia sikwenda mbali, nilifunika tu nikatoka mara moja kijiweni, nikijua nitazikuta ziko tayari.

Sasa nyumba kimya, nimebaki na bonge langu. Maana alinyanyua begi, akanijibu akiwa mlangoni:

"Na mimi ndivyo ulivyokuwa unaniacha."