Watawa Wasiosema na Mbwa wa Baba

Tyddyn Uchaf,
Wales.
9 Oktoba 2011

Mpendwa Shangazi Eluned,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumba uliyozaliwa. U hali gani, na kifua je, bado kinakusumbua huko Patagonia kwenye upepo usiokoma? Sisi ni wazima, ila mvua haijatupa nafasi ya kuanika hata soksi.

Barua yako ilinitoa machozi pale uliposema huoni sababu ya kuja Krismasi, kwa kuwa kaka yako hana tena sauti ya kukukaribishia. Wakati ule nisingekubishia. Tangu apasuliwe koo, uvimbe ukaondoka pamoja na sauti, Baba alikuwa amejifungia moyoni. Kibao cha kuandikia nilichomnunulia alikifanya kifuniko cha chungu. Na kwa kuwa hawezi tena kumwita mbwa wake Mot, wala kumpigia mluzi, aliamua kuwauza kondoo wote. Jirani yetu Emrys angekuja kuwachukua kwa lori mwishoni mwa Septemba.

Wiki chache kabla ya siku hiyo nilimburuta hadi kwenye makumbusho mapya katika magofu ya abasia ya Nant Helyg, makao ya watawa wa zamani, pale mlipokuwa mkicheza kujificha utotoni. Nilitaka tu atoke nyumbani. Alinifuata nyuma, kola juu, amenuna kama paka aliyenyeshewa.

Ndani wameweka meza ndefu kama ile waliyotumia watawa wa kale kulia chakula. Mwongozaji, binti mcheshi aitwaye Lowri, alitueleza kwamba watawa hawakuruhusiwa kusema wakati wa kula, hivyo waliombana vitu kwa mikono. Mkate ni duara la vidole gumba na vya shahada. Samaki ni kiganja kinachotikisika kama mkia majini. Maziwa ni kidole cha mwisho mdomoni, kama mtoto anyonyavyo. Nilipojaribu kuomba samaki, mabega ya Baba yakaanza kutikisika. Shangazi, alikuwa anacheka. Kisha akanijibu kwa ishara aliyoibuni mwenyewe: akalishika tumbo kubwa la hewani na kuyumba kama bata. Emrys yule yule!

"Mzee, wewe utawa ungekufaa," Lowri akamwambia.

"Huyu?" nikasema. "Wangemtimua kabla ya chajio, kwa kusengenya."

Ukutani palikuwa na picha ya mtawa mchungaji, maana abasia ile iliishi kwa sufu. Amesimama mlimani, mdomo kaufumba, mkono juu, na mbwa anamtazama. Nilikwenda kunywa chai, nikarudi, nikamkuta Baba bado yuko palepale.

Kesho yake alikuwa mteremkoni na Mot. Mwanzoni ilitia huruma, kwani mbwa alimkodolea macho mdomoni tu, akisubiri. Nililia dirishani. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Mkono juu, lala. Mkono kushoto, zunguka. Kazi kubwa ilikuwa kumfundisha Mot ageuke kumtazama katikati ya mbio. Ukungu ukishuka bado hawaelewani, na siku moja waliwaingiza kondoo kwenye kabichi zangu. Sijawasamehe.

Emrys alifika kama walivyokubaliana, akafungua mlango wa lori. Sikujua Baba ameamua nini, na sikuthubutu kumwuliza. Kondoo waliteremka wamekusanyika vizuri, Mot nyuma yao. Walipolikaribia lori, Baba aliinua mkono wa kushoto. Mot akazunguka, na kundi zima likampita Emrys, likarudi malishoni.

"Nerys, baba yako anasemaje?" akaniuliza.

"Anasema hauzi."

Emrys alikuna kichwa, kisha akaingia ndani kunywa chai kama kawaida yake. Kwenye keki hakutuhurumia.

Nisalimie binamu zangu Gwenno na Talfan, na Mungu akupe pumzi nyepesi na njia salama. Naandika njia kwa makusudi. Nilipomwuliza Baba nikuambie nini kwa niaba yake, aliunganisha vidole kuwa duara la mkate, kisha akakigonga kiti chako cha zamani karibu na jiko, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa nguvu.

Mimi nikupendaye siku zote,
Nerys